Mpasuaji wa ubongo anaposhika kalamu

Kila mara kitabu cha daktari wa upasuaji wa ubongo kinapovuma, maswali ya watu huwa yaleyale. Huyu bado anapasua, au ameshahamia kwenye vitabu? Muda anautoa wapi? Ameandika mwenyewe au ameandikiwa? Na wagonjwa anaowasimulia, walikubali? Wapo hata wanaouliza kama daktari wa ubongo ndiye huyohuyo anayetibu wagonjwa wa akili. Mimi huulizwa sana, kwa sababu vitabu hivi nimevisoma kwa miaka na nimeazima watu wengi nakala zangu. Nimegundua kwamba karibu kila jibu linataka kwanza tuielewe kazi yenyewe. Tuanzie hapo.

Nani anapasua, nani hapasui

Kuna madaktari watatu ambao watu huwachanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili hushughulika na hisia, mawazo na mwenendo wa mtu: sonona, skizofrenia, uraibu. Daktari bingwa wa mfumo wa fahamu hutibu kifafa, kiharusi, ugonjwa wa Parkinson na mengine ya aina hiyo, kwa kawaida kwa dawa. Wote wawili hawashiki kisu. Wa tatu, mpasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, ndiye anayefungua fuvu au mgongo na kuingia.

Chukua nyumba yenye matatizo ya umeme. Mmoja anazungumza na wanaoishi humo, ajue maisha yao yameharibikaje na namna ya kuyatengeneza. Mwingine anapima nguvu ya umeme kwenye nyaya na kuirekebisha. Wa tatu anatoboa ukuta aufikie waya ulioungua. Mfano huu una upungufu, maana magonjwa ya akili nayo yana mizizi ndani ya ubongo, lakini unatosha kutuanzisha.

Jina la kazi hii lenyewe linaficha jambo. Wengi wanaoitwa wapasuaji wa ubongo hutumia sehemu kubwa ya siku zao kwenye uti wa mgongo: diski iliyotoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu, pingili zilizovunjika ajalini. Kwa watoto kuna maji yaliyojaa kichwani na mgongo wazi. Kwa wakubwa kuna uvimbe, mishipa ya damu iliyotuna kama puto inayoweza kupasuka, na damu iliyovilia baada ya kuanguka au kugongwa.

Ili kuelewa kwa nini daktari huyu huamshwa saa nane za usiku, lielewe fuvu. Ndani ya fuvu la mtu mzima mna vitu vitatu: ubongo wa takriban kilo 1.4, damu, na maji safi ya kiasi cha mililita 150 hivi yanayouzunguka ubongo na kuulinda. Mwili hutengeneza karibu mililita 500 za maji hayo kwa siku na kuyafyonza. Njia ya maji ikiziba, mtoto huvimba kichwa. Mtu mzima hana nafasi hiyo, kwa sababu mifupa ya fuvu lake imeshaungana.

Fikiria basi lililojaa. Akipanda abiria mmoja zaidi, watu husogea, hubanana, safari inaendelea. Akipanda mwingine, bado wanabanana. Inafika hatua hakuna tena inchi ya kusogea, na abiria wa mwisho ndiye anayeumiza wote. Damu inayovuja ndani ya fuvu hufanya hivyo hivyo. Mwanzoni maji na damu ya kawaida hupisha, na mgonjwa analalamika tu kwamba kichwa kinauma. Nafasi ikiisha, mgandamizo hupanda ghafla. Ndiyo maana mtu aliyegonga kichwa anaweza kuinuka, akaongea na kucheka, kisha saa chache baadaye akapoteza fahamu. Kazi ya kwanza ya mpasuaji mara nyingi si kuponya chochote. Ni kupata nafasi.

Miaka kumi na mitano kabla ya sentensi ya kwanza

Njia ya kufika hapo ni ndefu. Uingereza mtu husoma udaktari miaka mitano au sita, hufanya kazi hospitalini miaka miwili ya msingi, kisha husomea ubingwa huu kwa takriban miaka minane. Marekani ni miaka minne ya chuo kikuu, minne ya udaktari, na saba ya ubingwa. Ukijumlisha unapata kama miaka 15, na mtu amekaribia miaka 35 kabla ya kuachiwa mgonjwa awe wake peke yake. Kwa hiyo mwandishi wa aina hii akitoa kitabu cha kwanza akiwa na miaka 50 au 60, usidhani alichelewa. Alikuwa anakusanya.

Anakusanya nini? Hapa nataka tukae kidogo ndani ya chumba cha upasuaji.

Kuna upasuaji unaofanywa mgonjwa akiwa macho. Unasikika kama ukatili, lakini sivyo, kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando mgumu unaoufunika ubongo, na hivyo hutiwa ganzi. Kichwa hushikiliwa na kibanio chenye ncha tatu za chuma ili kisitikisike hata kidogo. Kipande cha mfupa hukatwa na kuondolewa, utando hufunguliwa, na ubongo unaonekana: rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo, umetandwa na mishipa myekundu na ya zambarau, unapwita taratibu kwa mapigo ya moyo. Ni laini kiasi kwamba kidole kisicho na uangalifu kingeuharibu.

Mgonjwa, aliyekuwa amelazwa usingizi wakati fuvu likifunguliwa, anaamshwa. Mtu aliyekaa karibu na uso wake anamwonyesha picha moja baada ya nyingine.

"Hii ni nini?"

"Kikombe."

"Na hii?"

"Mti."

Daktari anagusa sehemu ndogo ya ubongo kwa ncha inayopitisha umeme hafifu.

"Na hii?"

Kimya. Mgonjwa anaiona picha, anajua ni kitu gani, lakini neno haliji. Daktari anaondoa ncha. Sekunde mbili, tatu.

"Ufunguo."

Hapo hapatakatwa. Hata kama uvimbe umefika hapo, pataachwa, kwa sababu ukipaondoa unaweza kuondoka na lugha ya mtu.

Njia hii ilienezwa zaidi na Wilder Penfield, aliyeanzisha taasisi ya tiba ya ubongo mjini Montreal, Kanada, mwaka 1934. Alikuwa akiweka vikaratasi vidogo vyenye namba juu ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, kila namba ikimaanisha sehemu iliyoguswa na kilichotokea: kidole gumba kimecheza, ulimi umekufa ganzi, mgonjwa kasikia muziki. Kutokana na vikaratasi hivyo tuna ramani ya ubongo inayofundishwa hadi leo. Mwaka 1928 alimpasua dada yake mwenyewe aliyekuwa na uvimbe. Mtu huyohuyo, alipozeeka, aliandika riwaya: moja ilitoka mwaka 1954, akiwa ameifanyia kazi upya hadithi aliyoianza mama yake, na nyingine mwaka 1960, kuhusu Hipokrate, tabibu wa Ugiriki ya kale.

Sishangai. Mtu aliyeshinda saa nyingi akilinda maneno ya mwenzake yasipotee, akitoka pale hawezi kuyachukulia maneno kama kitu cha hivi hivi.

Kalamu inatoka wapi

Wengi hufikiri uandishi ni burudani ambayo daktari kaiongeza juu ya kazi yake, kama vile mwingine anavyocheza gofu. Kwa maoni yangu ni kinyume. Uandishi umo ndani ya kazi tangu siku ya kwanza.

Kila upasuaji lazima uandikwe: ulianza vipi, nini kilionekana, nini kilitolewa, nini kiliachwa na kwa nini. Hiyo ni simulizi tayari, hata kama ni kavu. Kabla ya hapo, daktari amekaa na mgonjwa kumweleza hatari. Anaposema uwezekano wa kupooza ni 5 kwa 100, anajua kwamba mgonjwa hatapooza asilimia tano. Atapooza au hatapooza. Namna atakavyolitamka jambo hilo itaamua kama mtu atakubali kisu au atakataa. Kisha kuna ile kazi ngumu kuliko zote: kutoka chumba cha upasuaji, kuvua barakoa, na kuwakuta ndugu wamesimama ukutani. Pale unahitaji sentensi. Ukiwaambia kwa maneno ya kitaalamu, hujawaambia kitu. Ukilainisha mno, umewadanganya. Mpasuaji huifanya kazi hiyo mamia ya mara kabla hajafikiria kuandika kitabu.

Na kuna wale ambao hawakupona. Mpasuaji wa Kifaransa, René Leriche, aliandika kwamba kila mpasuaji hubeba ndani yake makaburi madogo, ambako huenda mara kwa mara kuomba na kujiuliza alikosea wapi. Henry Marsh wa Uingereza aliyaweka maneno hayo mwanzoni mwa kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 2014. Ukikisoma unaelewa kwa nini: sehemu kubwa ya kitabu ni matembezi kwenye makaburi hayo.

Marsh ni mfano mzuri kwa sababu maisha yake hayakunyooka. Alianza kwa kusoma siasa, falsafa na uchumi Oxford. Aliacha kwa muda, akafanya kazi ya kusukuma machela za wagonjwa hospitalini, na huko ndiko alikouona upasuaji. Alikwenda kusomea udaktari akiwa hana msingi wa sayansi. Mtoto wake alipasuliwa uvimbe kichwani akiwa mchanga, kwa hiyo aliujua upande wa wazazi wanaosubiri kabla hajawa bingwa. Mwaka 1987 alianza kazi ya ubingwa London, na kuanzia mwaka 1992 alikuwa akienda Ukraine kusaidia wapasuaji wa huko waliokuwa na vifaa duni. Filamu ya mwaka 2007 ilionyesha kazi hiyo. Kitabu kilikuja alipokuwa anakaribia kustaafu. Wanaouliza muda aliutoa wapi wana jibu hapo: aliandika shajara kwa miaka mingi.

Anachokiri Marsh ndicho kilichowagusa wasomaji. Anasimulia makosa yake. Anasimulia uvimbe ambao angeuacha kipande kidogo, akataka kuumaliza wote, na mgonjwa hakuamka tena kama alivyokuwa. Nimesoma sura hiyo mara tatu na kila mara nimeifunga kwa muda kabla ya kuendelea. Watu hudhani sifa kuu ya mpasuaji ni mkono usiotetemeka. Wapasuaji wenyewe wanasema mkono hufundishika. Kinachochukua maisha yote ni kujua lini usipasue.

Paul Kalanithi wa Marekani alipitia njia nyingine. Alisoma fasihi ya Kiingereza chuo kikuu kabla ya udaktari, kwa hiyo kwake kalamu ilitangulia kisu. Mwaka 2013, akiwa anakaribia kumaliza masomo ya ubingwa, aligundulika ana saratani ya mapafu. Alirudi chumba cha upasuaji kwa muda, akaandika, akafariki Machi 2015 akiwa na miaka 37. Kitabu chake hakikuisha. Mkewe, ambaye naye ni daktari, aliandika sehemu ya mwisho, na kilitoka Januari 2016. Anayedhani vitabu hivi vyote ni vya wazee wanaokumbuka ujana, asome hicho.

Wala jambo hili si geni. Harvey Cushing, anayehesabiwa kuwa baba wa upasuaji wa ubongo wa kisasa, aliandika wasifu wa daktari mwenzake William Osler katika juzuu mbili, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani. Mwaka huohuo alianza kutumia mashine ya umeme iliyobuniwa na mwanasayansi William Bovie kuzuia damu wakati wa kupasua, chombo ambacho kizazi chake bado kimo katika vyumba vya upasuaji duniani kote. Tuzo na mashine, mwaka mmoja, mtu mmoja.

Kitabu kinaisha, mgonjwa anaendelea

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili jina la kwanza kichwani ni Ben Carson. Alikabidhiwa uongozi wa upasuaji wa ubongo wa watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, akiwa na miaka 33, na simulizi ya maisha yake iliyotoka mwaka 1990 imesomwa na vijana wasiohesabika. Hapa swali la "kaandikiwa?" lina jibu la wazi: kitabu kile kilikuwa na mwandishi mwenza, Cecil Murphey, na jina lake limechapishwa. Hakuna aibu. Mmoja ana maisha, mwingine ana ufundi wa kuyapanga. Uaminifu ni kumtaja.

Lakini kuna jambo ambalo wasomaji wachache hulifuatilia. Mwaka 1987 Carson aliongoza timu ya watu wapatao 70 kutenganisha mapacha wa Kijerumani walioungana kisogoni. Kazi ilichukua saa 22. Watoto walitoka wakiwa hai, na habari ilienea dunia nzima. Kilichofuata hakikuenea hivyo: wote wawili walibaki na ulemavu mkubwa wa ubongo. Miaka kumi baadaye, Desemba 1997, alikuwa Afrika Kusini kutenganisha mapacha wa Zambia walioungana juu ya kichwa. Saa 28. Hao walipona na kukua vizuri. Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa wapasuaji waliokusanyika Singapore kuwatenganisha dada wawili wa Iran wenye miaka 29, ambao walikuwa wamechagua wenyewe kuhatarisha maisha yao. Baada ya zaidi ya saa 50, wote wawili walifariki.

Mikono ilikuwa ileile. Mpangilio wa mishipa ya damu ndani ya vichwa, umri, na hali ya kila mgonjwa havikuwa sawa. Ukisoma tukio la kwanza peke yake, unapata picha ya muujiza. Ukiyasoma yote matatu, unaiona kazi ilivyo. Simuondolei Carson heshima yake. Nasema kwamba kitabu hukoma mahali mwandishi alipoamua, na mgonjwa huendelea kuishi, au kutoishi, baada ya ukurasa wa mwisho.

Hilo linatupeleka kwenye siri za wagonjwa. Daktari haruhusiwi kumweka mgonjwa wazi kiasi cha kutambulika bila ridhaa yake, awe anaongea sokoni au anaandika kitabu. Ndiyo maana vitabu hivi hubadilisha majina, umri, kazi, hata mpangilio wa matukio. Kwa hiyo ukikutana na "mwalimu mwenye miaka 40", huenda hakuwa mwalimu wala hakuwa na miaka 40. Ugonjwa na uamuzi ndivyo vya kweli. Baadhi ya watu hulalamika kwamba huo ni uongo. Mimi naona ni deni ambalo mwandishi analipa kwa mtu aliyemkabidhi kichwa chake akiwa amelala.

Kuna dhana mbili zaidi ambazo vitabu na mihadhara ya wapasuaji huzichochea bila kukusudia. Moja ni kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Si kweli. Ubongo una karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake. Mwili usingegharimia hivyo kitu kinacholala. Zipo sehemu ambazo daktari anaweza kuzipitia bila madhara makubwa yanayoonekana, ila hakuna chumba kitupu.

Ya pili ni kwamba anayeujua ubongo anajua kila kitu. Carson alisema katika hotuba ya mwaka 1998 kwamba anaamini piramidi za Misri zilijengwa na Yusufu kuhifadhi nafaka. Wanaakiolojia wanajua ni makaburi ya wafalme. Kauli ile ilipoibuka tena mwaka 2015, alipokuwa akigombea urais, wengi walichanganyikiwa: inawezekanaje bingwa kama yule? Inawezekana kabisa. Mafunzo ya miaka 15 yanamfundisha mtu kufungua fuvu, hayamfundishi historia ya kale. Mpasuaji anapoandika alichokiona chumbani mwake, msome kama shahidi. Akitoka humo, ana haki ya kuwa na maoni kama mtu mwingine yeyote, na msomaji ana haki ya kuyapima kwa kipimo kilekile.

Na wale wanaouliza kama waandishi hawa bado wanapasua: inategemea. Sanjay Gupta, mwandishi na mtangazaji wa CNN, alikuwa Iraq mwaka 2003 kama mwanahabari, akaombwa msaada na madaktari wa jeshi, akapasua majeruhi kwenye hema. Carson aliacha kisu na kuingia kwenye siasa. Marsh alistaafu kazi ya kudumu mwaka 2015.

Miaka michache baada ya kustaafu, Marsh alijitolea kupigwa picha za ubongo katika utafiti wa watu wenye afya njema. Alikuwa ameziangalia picha za namna hiyo maelfu ya mara. Zake alizikwepa kwa miezi. Alipozifungua hatimaye, aliona ubongo uliosinyaa na madoa meupe yanayokuja na uzee, mambo ambayo kwa miaka mingi alikuwa amewaambia wengine kwa sauti tulivu. Baadaye aligundulika ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika hatua ya juu. Kitabu alichokiandika baada ya hapo kilitoka mwaka 2022, na ndani yake anakaa upande wa pili wa meza, akisikiliza namna daktari aliye mbele yake anavyochagua maneno.